Yuko Macho, Hana Sauti

Agosti 1952, jijini Copenhagen, hospitali ya Blegdam ilikuwa imeelemewa na wagonjwa wa polio walioshindwa kupumua. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri msichana wa miaka 12 atobolewe shingoni, aingizwe mpira kwenye bomba la hewa, na hewa isukumwe mapafuni kwa kubonyeza mfuko kwa mkono. Msichana akanusurika. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa kubonyeza mifuko kwa zamu, usiku na mchana, na kutokana na kazi ile zikazaliwa wodi za wagonjwa mahututi.

Karibu na ncha ya mpira kama ule kuna puto dogo. Likijazwa upepo hubana kuta za bomba ili hewa isivuje, na sauti hupotelea papo hapo. Sauti hutokea pumzi inapopanda na kutikisa nyuzi zilizo kwenye zoloto. Puto liko chini yake, kwa hiyo pumzi yote hutokea mpirani. Mpira unaopitishwa mdomoni badala ya shingoni ndio mbaya zaidi, maana hupita katikati ya nyuzi zenyewe na kuubana ulimi.

Zamani hili halikuonekana sana, kwani mgonjwa wa mashine ya kupumulia alilazwa usingizi mzito wa dawa. Siku hizi dawa hizo hupunguzwa, kwa kuwa usingizi mrefu huchelewesha mtu kuachana na mashine. Basi vitandani wamo watu wanaosikia kila kitu na hawawezi hata kusema wana kiu.

Ndugu wakiona midomo inachezacheza, huanza kubahatisha: "Unaumwa, mama? Au baridi? Nikuitie nesi?" Maswali matatu kwa mkupuo, akitikisa kichwa, amejibu lipi? Kubalianeni kwanza alama ya ndiyo na ya hapana. Kupepesa kope kunachanganya, kwani kila mtu hupepesa bila kukusudia; kutazama juu au kubana mkono ni afadhali. Uliza moja, kisha subiri kweli, maana mwenye dawa mwilini hujibu polepole. Mvalishe na miwani yake, ambayo aghalabu imesharudishwa nyumbani pamoja na nguo.

Kalamu nayo ina mambo yake. Misuli hunyong'onyea upesi kitandani, na anayeandikia tumboni huku amelala chali hupandanisha herufi juu ya herufi. Kama nesi ameruhusu, ainuliwe kidogo, karatasi ishikiliwe mbele ya macho yake juu ya ubao mgumu, apewe kalamu nene.

Kuna ubao wa picha: maumivu, kiu, makohozi, kugeuzwa. Unafaa, ila kwangu una kasoro kubwa: mgonjwa anaonyesha yale tu tuliyoyawaza sisi. Anayetaka kujua kama ada ya mtoto imelipwa hana picha yake.

Kwa wenye tundu shingoni ipo vali ya Passy-Muir, iliyobuniwa miaka ya 1980 na David Muir, kijana wa Marekani aliyedhoofishwa misuli na maradhi na kuishi kwa mashine. Huingiza hewa na kuizuia isitoke, hivyo pumzi hulazimika kupandia kwenye nyuzi za sauti. Puto lazima litolewe upepo kwanza, la sivyo mgonjwa hatapata pa kutolea pumzi. Hiyo ni kazi ya wataalamu pekee.

Ubao wa herufi, hata binamu anaweza kuuchora. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyepooza karibu mwili mzima kwa kiharusi mwaka 1995, alitunga kitabu kwa jicho la kushoto tu: msaidizi alisoma herufi, naye akapepesa ilipofika aliyoitaka. Zilipangwa kwa wingi wake katika Kifaransa, zikianza na E, S, A. Kuuiga mpango huo ni kumchosha Mswahili bure. Kwetu A inaongoza kwa mbali, karibu kila neno huishia irabu, na Q na X hazimo. Mstari wa kwanza uwe wa irabu, wa pili N, K, M, W na wenzake. Taja mstari kwanza, halafu herufi.

Viambishi navyo vinaokoa nguvu. Akishapata N-I-N-A, anajizungumzia, ikifuata U na M, jaribu: "Ninaumwa?" Akikataa, mwache amalize. Huenda ni "ninaumia mkono", kwa sababu sindano ya dripu imechomoka.