Kiboko Hali Samaki, Lakini Huwalisha

Siku moja darasani, tulipokuwa tukisoma habari za wanyama wa ziwa, mtoto mmoja aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, kiboko hali samaki. Basi wavuvi wapata hasara gani akiuawa?» Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana watu wazima wengi wamekula nyama ya kiboko bila kujiuliza swali hilo hata mara moja.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Edward lina eneo la kilometa za mraba 2,300 hivi. Sehemu yake kubwa iko kwetu Kongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Sehemu nyingine iko Uganda. Mito Rutshuru na Rwindi huingia upande wa kusini, na maji hutoka kaskazini kwa mto Semliki. Wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge hukaa kando yake, na samaki wao mashuhuri ni tilapia.

Sasa tumtazame kiboko. Mchana kutwa hukaa majini, kwa kuwa ngozi yake haivumilii jua kali. Giza likiingia hutoka, akafuata njia yake ile ile mpaka malishoni, akala majani yapata kilo 40 kwa usiku mmoja. Kabla hakujapambazuka hurudi ziwani na tumbo lililojaa. Huko majini, wasomaji waniwie radhi, ndiko anakojisaidia, akiyatawanya mavi kwa mkia kama mtu apandaye ulezi.

Mavi hayo ni mbolea. Yakiyeyuka hulisha mimea midogo mno, ambayo jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja, ila huonekana kwa rangi ya kijani ienezayo maji. Tilapia hula mimea hiyo. Kwa hiyo majani ya nchi kavu, ambayo samaki asingeyafikia kamwe, huletewa kila alfajiri na mchukuzi asiyedai mshahara. Wataalamu waliopima mto Mara upande wa Kenya, wenye viboko zaidi ya 4,000, walikadiria kwamba tani 36 za mavi huingia mtoni kila siku. Ni mkulima gani wa kwetu awezaye kuchukua samadi kiasi hicho shambani?

Katikati ya miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Mwaka 2005 hesabu haikufika 1,000. Upungufu ulikuwa umeanza hata kabla ya vita vya mwaka 1996, nao ukazidi sana wakati wa vita. Watu wenye bunduki waliwapiga risasi makundi kwa makundi; nyama ikauzwa sokoni, na meno yakauzwa kama pembe za ndovu. Baadaye idadi imeongezeka kidogo, lakini haijakaribia ile ya zamani.

Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji kwamba nyavu zikiwa tupu, sababu ni kiboko peke yake. Mitumbwi imezidi kuwa mingi, na wako watu watumiao nyavu za matundu madogo, wakivua vitoto vya samaki pale pale vinapokulia. Wavuvi wenyewe wanalijua jambo hili vizuri kuliko mimi.

Tena, wingi nao una madhara yake. Upande wa Uganda, katika miaka ya 1950, viboko walikuwa wengi mno katika rasi ya Mweya. Walikula majani mpaka ardhi ikabaki wazi, na mvua ikachukua udongo. Wasimamizi wa hifadhi waliamua kuwapunguza kwa maelfu. Basi majani yakaota tena. Na huko Mara, maji yakipungua wakati wa kiangazi, mavi hurundikana katika vidimbwi, yakaozea humo hata hewa ya majini ikaisha. Mvua kubwa ikiyazoa, samaki hufa kwa wingi. Samadi ni ile ile. Maji tu yamekuwa machache.

Nilimjibu mtoto yule kwa kuchora ubaoni kiboko, majani, maji na samaki, na mishale katikati yao. Aliutazama mchoro kwa muda, akauliza tena: «Je, viboko wakiachwa, watarudi upesi?» Hapo nilifuta chaki mikononi, nikamweleza kwamba kiboko si panya. Jike hubeba mimba miezi minane, huzaa ndama mmoja tu, na kwa kawaida hupita karibu miaka miwili kabla hajazaa mwingine.