Mnyama Ajengaye Jiwe

Mtu apitaye katika magofu ya Kilwa au Gede, akaitazama mihrabu na miimo ya milango iliyochongwa kwa ustadi, aghalabu hudhani kwamba lile ni jiwe kama mawe mengine. Kumbe ni kazi ya wanyama wasiohesabika, ambao wataalamu huwaita Porites, na waashi wetu wa kale walilikata tumbawe lao lingali bichi baharini, kwa kuwa likiwa bichi huchongeka kwa wepesi, na likikauka huwa gumu.

Kila mmoja wa wanyama hao hafikii milimita 2 kwa upana; hana jicho wala mfupa, ila ana kinywa kilichozungukwa na mikono midogo ya kunasia chakula, na chini yake hujijengea kikombe cha chokaa aitoayo katika maji ya bahari. Lakini riziki yake kubwa haitokani na kuwinda. Ndani ya nyama yake umo mwani usioonekana ila kwa hadubini, nao, ukipata jua, hutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake, naye huulipa kwa hifadhi na kwa hewa ya ukaa aipumuayo. Joto la bahari likizidi kwa majuma kadhaa, kama lilivyozidi mwaka 1998, sharika hiyo huvunjika, mwani ukatoka, na tumbawe likabaki jeupe, lenye njaa.

Ujenzi wenyewe ni wa taratibu mno: sentimita 1 hivi kwa mwaka, hata tumbawe la kimo cha mita 3 likawa limekwisha kuishi karne tatu. Na kila mwaka huacha tabaka zito na tabaka jepesi, yaonekanayo dhahiri kwa picha ya eksirei. Katika tumbawe la Malindi wataalamu walisoma tarehe ya joto la bahari ya miaka 194, tangu 1801. Na utafiti mwingine, uliotangazwa mwaka 2007, ulidhihirisha, kwa kupima bariamu iletwayo na tope na kubaki katika chokaa, kwamba tope la Mto Sabaki, uingiao baharini karibu na Malindi, lilikuwa karibu kiasi kile kile toka 1700 hata 1900, kisha likaongezeka mfululizo, kadiri ardhi ya bara ilivyozidi kulimwa. Sijui daftari la serikali yoyote lililoandikwa kwa uaminifu kuliko hili.

Na tope hilo, likitanda majini, huuzuia mwanga ambao ndio uhai wa mwani. Basi alimaye kandokando ya mto na apige matuta, aache na miti ukingoni, kwa maana tumbawe la mita 1 likifa leo, jingine halifikii kimo hicho kabla ya miaka mia.