Northampton ya Virginia: Kaunti Iliyotunza Madaftari Yake

Kwenye pwani ya mashariki ya Marekani kuna rasi ndefu, nyembamba, inayoteremka kusini kati ya Ghuba ya Chesapeake na Bahari ya Atlantiki. Ncha yake ni kaunti ya Northampton, sehemu ya jimbo la Virginia ingawa maji yameitenga na sehemu kubwa ya jimbo hilo. Hadi mwaka 1964, lilipofunguliwa daraja lenye mahandaki chini ya bahari, la kilomita 28 hivi, aliyetoka mji wa Norfolk, ng'ambo ya ghuba, kwa kawaida alipanda feri. Wakazi ni kama 12,000 tu. Ardhi ni tambarare ya mchanga; upande wa ghuba umekatwakatwa na hori nyingi, na upande wa bahari kuu kuna visiwa na vinamasi vya maji ya chumvi. Watu wanalima mboga na nafaka, wanavua kaa na kufuga chaza.

Utajiri wa pekee wa kaunti hii uko Eastville, makao yake makuu. Hapo yamehifadhiwa madaftari ya mahakama kuanzia mwaka 1632, na hayajakatika. Hakuna kaunti nyingine Marekani yenye mfululizo mrefu hivyo. Kaunti nyingi za Virginia zilipoteza kumbukumbu zao kwa moto wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Za Northampton zilisalimika. Ndiyo maana hapa mtu anaweza kufuatilia, kesi baada ya kesi, jinsi utumwa wa Marekani ulivyojengwa.

Wenyeji wa kwanza walikuwa Waaccawmack. Mwingereza John Smith aliwafikia mwaka 1608, na mfalme wao, Debedeavon, aliwapokea Waingereza kwa wema. Alimpa ardhi kijana Mwingereza, Thomas Savage, aliyekuwa amekulia miongoni mwa wenyeji na kujua lugha yao vizuri. Mwaka 1622, Opechancanough, chifu wa wenyeji wa bara, alipoongoza shambulio kubwa dhidi ya walowezi wa ng'ambo ya ghuba, watu wa Debedeavon hawakushiriki.

Katika shambulio hilohilo, kwenye shamba la Bennett kando ya Mto James, alinusurika Mwafrika mmoja aliyeletwa Virginia mwaka 1621. Aliandikwa kwa jina la Antonio. Baadaye alimwoa Mary, naye Mwafrika, wakapata uhuru wao, wakahamia rasi hii, na jina likawa Anthony Johnson. Mwaka 1651 alipewa hati ya ekari 250 kando ya hori la Pungoteague, kwa hesabu ya watu watano ambao nauli zao zilidaiwa kulipwa naye, ekari 50 kwa kila mmoja. Mahali hapo leo pamo katika kaunti jirani ya Accomack, iliyomegwa kutoka Northampton mwaka 1663. Moto ulipomteketezea mali mwaka 1653, mahakama iliwasamehe kodi mkewe na binti zake. Akina Johnson hawakuwa peke yao. Francis Payne, Mwafrika mwingine, alijikomboa yeye na familia yake kwa tumbaku aliyoilima.

Lakini Johnson naye alikuwa na mtumishi Mwafrika, John Casor. Casor alidai kwamba alikuja kwa mkataba na muda wake umekwisha, akahamia kwa jirani Mzungu, Robert Parker. Johnson alishtaki, na mwaka 1655 mahakama ikaamuru Casor arudishwe kwake kama mtumishi wa maisha. Wapo wanaoitumia kesi hii kudai kwamba utumwa wa Marekani ulianzishwa na mtu mweusi. Dai hilo ni la uongo. Mwaka 1640 mahakama ya Virginia ilikuwa imeshamhukumu John Punch, mtoro mweusi, utumishi wa maisha, huku Wazungu wawili waliotoroka naye wakiongezewa miaka minne tu.

Mlango wa uhuru kwa Waafrika ulifungwa kwa sheria, moja baada ya nyingine. Mwaka 1662 iliamuliwa kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, huru au mtumwa. 1667, kwamba ubatizo haumkomboi mtumwa. 1691, kwamba anayeachwa huru aondolewe katika koloni ndani ya miezi sita. Johnson alikuwa ameshahamia Maryland na jamaa zake. Alipofariki mwaka 1670, baraza la wazee wa mahakama huko Virginia lilisema ardhi aliyoiacha huko inaweza kutwaliwa kwa sababu alikuwa mtu mweusi, na hivyo mgeni. Miaka saba baadaye mjukuu wake alinunua shamba la ekari 44 Maryland, akaliita Angola.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba watu wa kaunti hiihii walijua vizuri kutetea haki. Mwaka 1652 walowezi wake waliandika malalamiko dhidi ya kodi ya ratili 46 za tumbaku kwa kila kichwa, wakisema hawana mwakilishi katika baraza la koloni. Na Februari 1766, mahakama yao ilitamka kwamba Sheria ya Stempu, sheria ya kodi ya Bunge la Uingereza, ilikuwa batili, miaka kumi kabla ya uhuru. Haki waliyoidai wao wenyewe hawakuitambua ilipodaiwa na majirani zao weusi.



Uhuru wa Marekani haukuwaletea nafuu uzao wa watu wa Debedeavon. Walikuwa wamebakiwa na eneo dogo lililotengwa, wakijulikana kama Wagingaskin. Mwaka 1813 bunge la Virginia liliwagawia ardhi hiyo viwanja kwa mtu mmojammoja, na baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner mwaka 1831 wengi walishinikizwa kuuza. Msomaji atakayepata nafasi ya kuizuru Virginia, asiishie Jamestown na Williamsburg wanakopelekwa watalii. Avuke ghuba, afike Eastville, aombe kuonyeshwa madaftari. Humo ataona majina ya Waafrika waliosimama mahakamani karibu miaka 400 iliyopita.