Nati za magurudumu

Nati za magurudumu (kwa lugha ya gereji: nati za tairi) ni nati zinazobana rimu ya gari kwenye habu, yaani kitovu kinachozunguka pamoja na gurudumu. Magari madogo mengi huwa na nati nne au tano kwa kila gurudumu. Nati zikilegea, au zikikazwa kupita kiasi, gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo.

Jinsi zinavyofanya kazi

Nati hufungwa kwenye bolti ambazo mafundi huziita stadi. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo kama springi na kuibana rimu dhidi ya habu. Msuguano kati ya rimu na habu ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Nati zikilegea, msuguano hupungua, rimu huanza kucheza, na stadi hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka hadi zinakatika.

Kiasi cha kukaza

Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni-mita. Kwa magari madogo mengi ya Toyota, kama Corolla, kiasi kinachotakiwa ni 103. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 35, hiyo ni sawa na kukandamiza mwisho wa mpini kwa uzito wa kilo 30 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo hufikisha takriban 240. Akiongeza bomba hadi mpini ufike mita moja, hukaribia 700, kiasi kinachofaa lori, si gari dogo.

Makosa ya kawaida

* Kukaza kwa kusimama juu ya spana au kwa kutumia bomba. Stadi huvutika kupita kiasi na hairudi katika hali yake, hesi huchubuka, na diski ya breki inaweza kupinda. Dereva akipata pancha njiani, hawezi kuzifungua.
* Kukaza nati kwa kufuata mzunguko, moja baada ya jirani yake. Rimu hukaa upande.
* Kupaka oili au grisi kwenye hesi. Msuguano ukipungua, nguvu ileile ya mkono huivuta stadi zaidi.
* Kuacha kutu, mchanga au rangi kati ya rimu na habu. Uchafu huo ukisagika, nati hulegea zenyewe.
* Kuchanganya nati. Nati nyingi za Toyota zina kikalio chenye umbo la koni, na za Honda kina umbo la mviringo. Moja haikai vizuri mahali pa nyingine hata kama hesi zinalingana.

Utaratibu sahihi

Habu husafishwa kwa brashi ya waya. Nati huanzwa kwa mkono ili hesi zisipishane, kisha hukazwa kidogo gari likiwa juu ya jeki. Gari hushushwa, na nati hukazwa kwa mtindo wa nyota, kutoka nati moja hadi ile ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia nguvu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 hukaguliwa tena, kwa sababu sehemu zilizobanwa hulaliana.

Hali ya Dar es Salaam

Katika Kariakoo, Gerezani na Ilala, magurudumu hufunguliwa na kufungwa katika gereji na kwa mafundi wa pancha walio kando ya barabara. Maduka ya vipuri ya Kariakoo huuza nati, hivyo aliyepoteza moja anaweza kununua ya kufanana. Ni vema kwenda na nati ya zamani kama sampuli. Mitaa ya eneo hilo hujaa wachuuzi, wasukuma mikokoteni, bodaboda na waenda kwa miguu. Gurudumu lililochomoka kwenye daladala huweza kumgonga mtu asiyekuwa hata ndani ya gari.

Dalili za hatari

Dalili za nati zilizolegea ni mlio wa kugongagonga unaofuata mwendo wa gurudumu, usukani kutetemeka, na michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati. Dereva anapaswa kusimama mahali salama na kukagua nati zote. Stadi moja ikikutwa imekatika, zilizobaki pia hukaguliwa, kwa kuwa zimekuwa zikibeba mzigo wake.