Fahamu: Michezo ya kulipia ina nafasi gani kwenye bustani za wanyama?

Treni na bembea huingizia bustani za wanyama fedha. Lakini je, mtoto anaondoka amejifunza nini?

Bronx Zoo ya New York inaonyesha kwamba burudani inaweza kufundisha. Viti vya treni yake ya reli moja, iliyoanza mwaka 1977, vyote vinatazama upande wa wanyama, na mwongozaji huwaeleza abiria habari za tembo, vifaru na simbamarara wa Asia. Mwaka 1999 bustani hiyo ikafungua msitu wa gorila wa Kongo, ambako wageni walichagua mradi wa uhifadhi utakaopewa kiingilio chao cha ziada.

Mzazi, kabla ya kukata tiketi, uliza: kuna mwongozaji? Fedha zinakwenda wapi?