Profesa Jay na Bomba la Maziwa

Hapa Munigi, mashariki mwa Kongo, ambapo nyumba zimejengwa juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima Nyiragongo, na maji ni adimu hata watoto huamka alfajiri kupanga bidoni za njano mbele ya robine, wimbo mmoja wa Dar es Salaam hauhitaji mkalimani.

Wimbo huo ni “Ndio Mzee”, na mtunzi wake ni Joseph Haule, mzaliwa wa mwaka 1975, ajulikanaye kwa lakabu ya Profesa Jay. Humo yumo mwanasiasa aliyepanda jukwaani kuomba kura, ambaye huahidi na kuzidisha, hata akafikia kuahidi mabomba yatakayotoa maziwa. Na umati, kwa kila ahadi, humwitikia kwa utii kwamba ndivyo. Mtunzi hamtukani mtu huyo wala hamhukumu, bali humwachia ulimi wake umfedheheshe mwenyewe.

Alikuwa amekwisha kupata sifa katika kundi la Hard Blasters kwa “Chemsha Bongo”, lakini albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, “Machozi, Jasho na Damu” ya mwaka 2001, ndiyo iliyompa heshima mbele ya watu wazima. Zama hizo wazee wengi waliihesabu rapu kuwa ni uhuni wa vijana waigao Wamarekani. Waliposikia kadhia zao wenyewe zikighaniwa kwa Kiswahili kinachofahamika, nao wakatega masikio.

Mwaka 2015 aliyemchora mwomba kura aliomba kura yeye mwenyewe, kwa tiketi ya chama cha CHADEMA, akawa mbunge wa Mikumi nchini Tanzania hadi 2020. Ulikuwa mtihani mzito, kwani aliwaomba imani raia ambao yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha kupima ahadi. Baadaye maradhi ya figo yalimlaza kwa muda mrefu. Alipopata afueni alitoa wimbo “Siku 462”, akaanzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo.

Kwa hiyo kijana wa Munigi anayejifunza kughani, akichanganya Kiswahili chetu na Kifaransa cha shule, asidhani kwamba maudhui yako ng'ambo. Na aende robine alfajiri, asikilize wanayosema kina mama wakingoja maji, kisha ayatunge kwa lugha ile ile waliyoyasemea.