Mazoezi na Moyo katika Miteremko ya Mkuu

Neno "mazoezi" latokana na kitenzi "zoea", na asili hiyo yaeleza vema mambo ya moyo. Mkazi wa Mkuu, wilayani Rombo, apandapo mteremko kwa miguu siku zote, moyo wake huzoea: husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mapigo hupungua apumzikapo. Kuinua mkungu wa ndizi ni zoezi la namna nyingine: huimarisha misuli, lakini shinikizo la damu hupanda ghafula, hasa mtu azuiapo pumzi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wafanye yote mawili: mwendo wa kadiri dakika 150 hadi 300 kwa juma, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Basi mwenye maradhi ya shinikizo la damu na auzoee mteremko kwanza, mzigo baadaye, wala asizuie pumzi.